Nyayo za Usiku



Wengi wenu mnanijua kama mwalimu asiyeketi. Katika mafundisho ya Kipaimara, katika semina za Kiro na Xaveri, hata katika mikutano ya shirika saa za jioni, kiti changu hubaki kitupu nami hutembea kutoka mlangoni hadi dirishani, kisha hurudi. Nimewaona baadhi yenu mkiniigiza nje ya ukumbi, nikacheka kimoyomoyo, kwa maana mliniigiza vizuri. Leo ningependa kuwaeleza kwa nini siketi. Ningependa pia kuwaeleza jambo lililotokea nyumbani mwangu kwa sababu niliona haya kulisema mapema.

Miaka tisa iliyopita, nilipokuwa nikisahihisha madaftari ya wanafunzi baada ya chakula cha jioni, nilianza kuhisi kitu miguuni ambacho sikuwa na jina lake. Hayakuwa maumivu ya jeraha wala uchovu wa safari. Ilikuwa kama sisimizi wanaotembea ndani kabisa, karibu na mfupa, mahali ambapo mkono hauwezi kukuna. Pamoja na hisia hiyo ilikuja amri: tembea. Nilipoinuka na kupiga hatua kumi, sisimizi walinyamaza. Nilipoketi, walirudi. Nilipolala walirudi kwa wingi zaidi, na miguu ikajirusha yenyewe chini ya blanketi hata mke wangu akahamia ukingoni mwa kitanda.

Mnajua baridi ya usiku katika milima yetu. Nilijitupia blanketi mabegani nikatembea juu ya sakafu ya saruji tangu jirani walipozima taa hadi jogoo wa kwanza. Asubuhi nilisimama mbele ya ubao nikiwa na macho mekundu, na wazazi wengine walidhani nimeanza kunywa kasiksi. Mzee mmoja aliniambia nimekanyaga kitu kilichotegwa njiani na mtu mwenye wivu. Mwenzangu wa kazi aliniambia ni baridi yabisi. Mimi mwenyewe nilijiambia kuwa ni uzee, nikanyamaza. Miaka mitatu ilipita hivyo.

Siku moja daktari mmoja wa Butembo, niliyekwenda kumwona kwa sababu ya jambo jingine, aliniona nikichezesha miguu chini ya kiti, akaweka kalamu mezani. Aliniuliza maswali manne tu. Je, unasukumwa kuitembeza miguu? Je, hali hiyo huanza unapopumzika? Je, hupungua unapotembea? Je, huzidi jioni na usiku? Nilipojibu ndiyo mara nne, alitabasamu. "Mwalimu," akasema, "hujalogwa. Ugonjwa huu una jina, na una historia ndefu kuliko mji wa Butembo."

Ni ugonjwa wa miguu isiyotulia. Mganga Mwingereza aliyeitwa Thomas Willis aliueleza kwa Kilatini mwaka 1672, na karibu miaka mia tatu baadaye, mwaka 1945, Msweden Karl-Axel Ekbom aliuchunguza kwa kina na kuupa jina unaojulikana nalo leo. Chanzo chake hakiko miguuni. Kiko katika ubongo, na mara nyingi kinahusika na upungufu wa madini ya chuma, ambayo ubongo huyahitaji ili kutumia vema kemikali iitwayo dopamini, ile inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata mara nyingi akina mama wajawazito katika miezi ya mwisho, watu wenye figo zilizochoka, na watu wanaopoteza damu polepole bila kujua. Katika baadhi ya familia hurithiwa.

Mimi nilikuwa miongoni mwa hao wanaopoteza damu polepole. Minyoo ya safura, ile inayoingia kwa nyayo za mtu anayelima bila viatu, ilikuwa imekunywa akiba yangu ya chuma kwa miaka. Daktari alinipa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma. Aliniagiza nile maharage na lengalenga kwa wingi, na nyama pale Mungu anapojalia. Akaniambia pia niache kunywa chai na kahawa pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia chuma kuingia mwilini. Agizo hilo la kahawa lilikuwa gumu kwa mtu wa nchi hii inayoilima. Nilitii. Baada ya miezi minne nilikuwa nimepata nafuu ya nusu: nililala usiku mmoja, nikatembea usiku wa pili.

Nusu iliyobaki ndiyo iliyonipeleka kwenye dawa ninayotaka kuwaelezeni. Daktari alisema kwamba ziko dawa zinazoisaidia dopamini, lakini kwetu ni ghali, na zikitumiwa kwa miaka mingi zinaweza kuugeuza ugonjwa ukawa mkali zaidi na kuanza mapema zaidi mchana. Ziko nyingine zinazotuliza mishipa ya fahamu, ambazo kwangu hazikufaa. Mwisho aliniandikia dozi ndogo ya tramadoli, nimeze jioni. Hakunificha ni dawa ya namna gani. "Hii ni ya ukoo wa afyuni," alisema. "Mofini na kodeini ni ndugu zake. Hugonga milango ileile katika ubongo. Willis naye aliwapa wagonjwa wake afyuni iliyotiwa katika mvinyo. Dozi ndogo, chini ya uangalizi, kwa mgonjwa ambaye dawa nyingine zimemshinda: hiyo ni tiba. Zaidi ya hapo ni shimo."

Nilitoka pale na cheti mfukoni na aibu moyoni. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimesimama mbele yenu nikiwaonya juu ya vidonge vinavyouzwa kwa siri sokoni, na nililitaja jina hilohilo, tramadoli. Sasa jina hilo lilikuwa limeandikwa kando ya jina langu.

Kuhusu dhamiri yangu mbele ya Mungu, sikukaa na shaka kwa muda mrefu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu mganga na dawa itokayo ardhini. Baba Mtakatifu Pio wa 12, alipozungumza na waganga tarehe 24 Februari 1957, alifundisha kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa za aina hii, ikiwa hakuna njia nyingine na ikiwa hazimzuii mtu kutimiza wajibu wake. Kwa hiyo mbele ya Mungu nilitulia. Mbele ya watu sikutulia. Niliziweka dawa katika kopo la zamani la maziwa, nikalisukuma nyuma ya vitabu vya katekesi, na sikumwambia mtu yeyote nyumbani isipokuwa mke wangu.

Usiku wa kwanza nililala. Vijana, ninyi mnaolala kila usiku hamwezi kujua maana ya neno hilo. Niliamka kukiwa kumekucha, nikadhani nimechelewa misa. Mke wangu alikuwa ameketi kando ya kitanda akiniangalia, kwa kuwa alikuwa ameogopa kimya changu.

Siku ya tatu ndipo malipo yalipoanza kudaiwa. Kwanza kilikuja kichefuchefu, kisha kizunguzungu kila nilipoinuka ghafla, kisha kuwashwa mikono na kifua pasipo upele. Darasani nilisinzia nikiwa nimesimama, chaki mkononi, na watoto wakanyamaza kwa hofu. Siku nyingine niliendesha pikipiki kwenda kumtembelea mgonjwa, nikaona barabara inainama. Niliiegesha kando, nikamaliza safari kwa miguu. Juu ya hayo yote, nilifunga choo. Siku mbili, siku nne, siku sita. Tumbo likawa gumu kama ubao, na hamu ya chakula ikatoweka.

Hapo nilifanya makosa mawili, nami nayaungama mbele yenu ili msiyarudie.

Kosa la kwanza: nilijitibu mwenyewe. Badala ya kurudi kwa aliyeniandikia dawa, niliingia katika duka la dawa nikaomba kitu cha kuzuia kichefuchefu na mwasho. Nilipewa prometazini. Muuzaji hakujua ugonjwa wangu, kwa kuwa sikumwambia. Usiku ule miguu iliwaka kuliko siku zote za maisha yangu. Nilitembea hadi alfajiri nikilia. Baadaye nilifahamu sababu. Prometazini na metoklopramidi, dawa zinazopatikana kwa urahisi kila mahali, huizuia dopamini katika ubongo, na kwa mwenye miguu isiyotulia ni kama kumwaga mafuta katika moto. Dawa nyingi za mafua na mzio zinazoleta usingizi nazo huweza kufanya vivyo hivyo.

Kosa la pili: niliona haya. Nilipomrudia daktari baada ya majuma mawili, nilimweleza habari ya kichefuchefu na kizunguzungu, lakini habari ya choo niliinyamaza. Mwanamume wa umri wangu, mwalimu, katekista, aseme mambo hayo? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimewafundisha watoto methali hiyo kwa miaka ishirini bila kuitii.

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuguzi, mtu wa ukoo wa mke wangu, aliyewahi kufanya kazi ng'ambo ya mpaka, Uganda, pamoja na watu wanaowatunza wagonjwa wa saratani. Alinitazama nikiisukuma sahani ya sombe, akauliza bila kuzunguka: "Mwalimu, umepata choo lini?" Mke wangu alijibu kwa niaba yangu.

Alichonifundisha mama huyo jioni ile kilitoka katika shule ambayo inafaa muijue. Mwaka 1993, daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa wa Wamisionari wa Tiba wa Maria, alianzisha mjini Kampala shirika la Hospice Africa Uganda. Alileta utaratibu rahisi: unga wa mofini unachanganywa na maji, unatiwa katika chupa, na mgonjwa anaunywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo, ili ifike vijijini ambako daktari hafiki. Watu wengi waliogopa kwamba nchi ingejaa waraibu. Wauguzi wale walijibu kwa kazi yao: dawa ilipimwa, iliandikwa katika daftari, ilifuatiliwa nyumba kwa nyumba, na maswali ambayo watu huona haya kuyauliza yaliulizwa.

"Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa," mama muuguzi aliniambia, "ni kwamba mkono unaoandika dawa ya ukoo huu sharti uandike na dawa ya choo siku hiyohiyo." Akaeleza. Kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi mara nyingi hupungua baada ya siku chache, mwili ukizoea. Kufunga choo hakupungui. Dawa hizi huyatuliza matumbo kama zinavyotuliza maumivu, na matumbo hayazoei. Kwangu mimi mzigo ulikuwa maradufu, kwa sababu vidonge vya chuma navyo hukausha choo. Kwa hiyo nilipaswa kunywa maji tangu asubuhi, kula mboga na matunda, kutembea mchana, na kumeza bisakodili kama daktari atakavyokubali. Alinikumbusha pia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, ambazo wauguzi wa huko huwashauri wagonjwa wasio na fedha za vidonge. Papai huletwa sokoni kwetu kutoka upande wa Beni ambako kuna joto. Mbegu zake tulikuwa tukizitupa.

Kanuni ya pili ilikuwa kutosema uongo kwa kunyamaza. Kesho yake tulikwenda naye kwa daktari, nikasema yote. Daktari hakucheka. Alikubali dawa ya choo, akaamuru vidonge vya chuma nivimeze siku moja na kuacha moja, akanionyesha dawa ya kichefuchefu isiyoigusa miguu, na akaisogeza saa ya tramadoli ili usingizi wake uishe kabla ya kengele ya shule. Kisha akanipa masharti: nisiendeshe pikipiki ninapojisikia mzito; nisinywe pombe hata kidogo wala dawa nyingine ya usingizi, kwa kuwa zikikutana na dawa hii pumzi inaweza kusimama; nisiongeze dozi kwa akili yangu hata usiku uwe mbaya namna gani, kwa kuwa dawa hii ikizidi inaweza kuleta kifafa; na nisiiache ghafla.

Nikafanya kile ambacho mwalimu anajua kufanya: nilipiga mistari katika daftari. Safu ya saa ya dawa, safu ya usingizi, safu ya choo, safu ya kusinzia mchana. Kila mwezi niliipeleka kwa daktari kama mwanafunzi apelekavyo kazi yake. Baada ya majuma sita mwasho ulikwisha, kizunguzungu kilikwisha, na choo kilipata ratiba yake. Nilikuwa nimejifunza kuishi na dawa ile. Nilidhani somo limekwisha.

Lakini kopo lilikuwa bado nyuma ya vitabu.

Mwaka huo tulikuwa tunaishi na mwana wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na tisa. Alitoka vijijini upande wa Beni, kule ambako tangu Oktoba 2014 watu wameuawa usiku katika nyumba zao na mashambani mwao. Baba yake ni mmoja wao. Alikuja kwetu na shati moja na ukimya mwingi. Mchana alibeba matofali kwenye ujenzi. Usiku nilidhani analala. Ninyi mlimjua kama kijana mpole wa kwaya, anayesimama safu ya nyuma.

Usiku mmoja niliamka nikasikia nyayo. Hatua tano, kugeuka, hatua tano, kugeuka. Kwa dakika nzima nilijigusa miguu, kwa maana mwendo ule ulikuwa wangu, nilidhani ninaota. Kisha nikafahamu kwamba unatoka chumba cha pili. Nilikuta mlango wazi. Kijana alikuwa anatembea gizani, jasho linamtoka katika baridi ile, mafua yanamchuruzika, anapiga miayo bila kukoma, mwili umesisimka kama kuku aliyenyonyolewa. "Mjomba," akasema, "miguu yangu imekataa kulala."

Wazo langu la kwanza lilikuwa la kijinga: nilidhani ugonjwa wetu ni wa ukoo na umemfikia. Nilimketisha, nikamweleza habari za sisimizi na chuma na minyoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kulia, akaniambia ukweli.

Miezi minne kabla, alikuwa ameniona nikichukua kitu nyuma ya vitabu, nikameza, na baada ya saa moja nikalala kama mtoto. Yeye hakuwa amelala usiku mzima tangu kifo cha baba yake. Akasema moyoni: kama Mjomba, katekista, anameza hii na kulala, basi si dhambi wala hatari. Alichukua kapsuli moja, kisha mbili. Mimi nilipohesabu na kukuta zimepungua, nilidhani nimekosea hesabu, na kwa kuwa ilikuwa siri sikuwa na mtu wa kumwuliza. Alipoogopa kwamba nitagundua, aliacha zangu, akaanza kununua sokoni kwa fedha za matofali, mbili kwa siku, kisha nne, kisha zaidi. Kazi ya ujenzi iliposimama, fedha ziliisha. Ilikuwa siku yake ya pili bila dawa.

Daktari alinieleza baadaye jambo ambalo sitalisahau. Mwili uliozoea dawa za ukoo wa afyuni, unapozikosa ghafla, hudai. Na mojawapo ya namna unavyodai ni miguu kukataa kutulia. Dawa ileile iliyotuliza miguu yangu ndiyo iliyoiamsha miguu ya mwana wa dada yangu. Hakukuwa na tofauti ya dawa kati yetu. Tofauti ilikuwa kwamba mimi nilikuwa na daktari, muuguzi, mke na daftari, na yeye alikuwa na kopo lililofichwa.

Nilikuwa nimedhani kwamba kuficha ni kutunza. Dawa ya namna hii hutunzwa ndani ya sanduku lenye kufuli, huhesabiwa na watu wawili, na kila mtu wa nyumba huambiwa ni ya nani, ni ya nini, na inaweza kumfanya nini asiyeandikiwa. Kuificha tu ni kuiacha ijieleze yenyewe kwa mtu wa kwanza atakayeiona, na maelezo yake huwa mafupi: huyu alimeza, akalala.

Hatukumfukuza, wala sikumpiga, ingawa ndugu wengine walinishauri hivyo. Tulimpeleka kwa daktari yuleyule. Hakumkatia dawa mara moja. Alimpunguzia hatua kwa hatua kwa majuma kadhaa, mke wangu akiwa mshika ufunguo. Ziwa la huzuni lililokuwa chini ya yote lilihitaji kazi nyingine: mtu wa kumsikiliza akisema habari za usiku ule baba yake alipouawa. Kazi hiyo haijaisha hata leo. Usiku ulipokuwa mgumu tulitembea wawili, yeye kutoka ukuta huu, mimi kutoka ule, tukipishana katikati ya chumba. Mke wangu alituchemshia maji ya kukanda miguu. Usiku mmoja tulipopishana mara ya mia hivi, kijana alicheka. Sikuwa nimekisikia kicheko chake tangu aje.

Sasa anajifunza useremala. Sanduku la dawa lenye kufuli alilitengeneza yeye mwenyewe; ndiyo kazi yake ya kwanza ya mbao. Kila Dominika jioni mke wangu hulifungua na kuhesabu kwa sauti, nami huandika. Usiku mwingine bado ni mbaya kwake, na kwangu pia. Barua hii aliisoma kabla yenu, akafuta sentensi mbili, akaniruhusu niwape hizi nyingine.

Vijana wapendwa, sikuandika ili muiogope dawa. Iko siku mama yako au bibi yako atahitaji mofini kwa ajili ya saratani, na mtu atakwambia umkatalie kwa sababu ni madawa ya kulevya. Usimsikilize. Uliza dozi, uliza dawa ya choo, uliza masharti, kisha mwache mgonjwa apumzike. Wala sikuandika ili muizoee. Kidonge unachouziwa sokoni bila swali hata moja hakina daktari nyuma yake, na siku kitakapokudai hutajua uende wapi.

Nimeandika kwa sababu katika jambo hili lote, kila palipotokea madhara, palikuwa na mtu anayeona haya. Mimi niliona haya kusema habari ya choo, nikaugua siku sita bure. Niliona haya kusema habari ya dawa, na kijana akaifahamu vibaya. Yeye aliona haya kusema kwamba halali, na hakuna aliyemwuliza. Kila mara mambo yalipoanza kupona, mtu fulani alikuwa ameuliza swali la wazi, na mwingine amejibu.

Kwa hiyo mtakaponiona tena nikitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, niigizeni mpendavyo. Lakini mkimwona mwenzenu wa safu ya nyuma ana macho mekundu, mwulizeni analala saa ngapi, na mketi naye mpaka ajibu.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika nyumba zetu, dawa kali zimewekwa wapi, na ni nani anayejua ni za nani?

2. Ni jambo gani la mwili au la moyo ambalo vijana wa parokia yetu huona haya kumwambia mganga au mzazi? Nani anaweza kuwa wa kwanza kuliuliza?

3. Tukijua kwamba mwenzetu anatumia vidonge vya sokoni, tutamwendea namna gani bila kumwaibisha na bila kumficha?